Gauni Limegoma Kufunguka

...bado, kiduara kinazunguka tu, hapa kwangu na kwa bibi harusi huko alipo, maana namsikia shangazi akimbembeleza kwenye simu, "subiri mwanangu, linafunguka," linafunguka wapi, na aliyemtengenezea shangazi tovuti ni mimi, mtaalamu mzima, picha moja ya gauni imenishinda... bibi harusi huyu akikata tamaa akaenda kwa wanaokodisha magauni, shangazi anauza cherehani, kashasema, anahamia kwa mwanawe, na namjua, mikono yake ikikaa bure anaumwa... nilihifadhi picha zote kwa PNG, aina ya faili isiyopoteza hata chembe, makusudi kabisa, kwa sababu JPEG, ile aina nyepesi, inakula picha, kila ukihifadhi upya inakula tena, na ile lesi ameishona kwa mkono mpaka macho yakavimba, mimi nani nimtupie hata uzi mmoja, nikajiona nina mapenzi kweli... mapenzi gani haya, picha nzito kama gunia la mawe, PNG ningeiachia nembo peke yake, ile sindano isiyo na mandharinyuma, ambayo ukiitia kwenye JPEG inavaa kiboksi cheupe, hapo sawa, lakini picha za kamera, zote? ujuaji tu... "kiuno kisikutie wasiwasi," anasema shangazi, "nitakupunguzia, likukae"... nitakupunguzia, anavyolitamka, utadhani anatoa zawadi, na mimi neno hilo hilo nalikimbia, kwangu kupunguza ni kuharibu, kwake ndiyo kushona kwenyewe, tangu nikiwa mdogo namwona anapunguza, mabega, mikono, pindo, sijawahi kuona mtu akililia kitambaa kilichokatwa, wanalia wakijiona kwenye kioo wamependeza... basi WebP, nyepesi kuliko zote mbili, na kwa simu za zamani zisizoisoma niweke JPEG ya akiba, nishushe ubora kidogo, niitazame lesi, nishushe tena, jicho likianza kulalamika nirudi nyuma kidogo, kwisha, hivi nilikuwa naogopa nini...

"Limefika?" Shangazi amefunika simu kwa kiganja. Kiduara kinazunguka.

"Bado, shangazi. Mwambie avute subira kidogo, nalipunguza."

Ananikazia macho. "Kiunoni?"

"Kila mahali," namwambia, na kwa mara ya kwanza leo siogopi kuligusa gauni lake.