Kunde za Mkebeni

Boma la Mwinyi Hemedi, katikati ya njia ya Kasongo na Kabambare, lilijengwa na mtu aliyeogopa wa ndani kutoroka kuliko wa nje kuingia. Ndiyo maana lango lake lilifunga vizuri mno. Gogo lake la kukingia lilitaka wanaume wanne kulinyanyua. Amisa alilijua gogo hilo tangu alipopitishwa pale akiwa binti, kamba shingoni. Sasa alikuwa mpishi wa boma, mvi kichwani, kamba hakuna, na gogo lilikuwa palepale.

Mwaka ule wa vita Mwinyi Hemedi alikusanya bunduki nzuri zote na wanaume wenye magoti imara, akaenda nao Kasongo. Nyuma akaacha wanawake, wagonjwa, na Faradji, mshika funguo za ghala, ambaye magoti yake yalikuwa yamestaafu zamani. Kisha askari wa Bula Matari, serikali ya Wazungu wa Kongo, wakaja, wakapiga kambi nje, kwenye mashamba ya mihogo. Hawakushambulia. Wajichoshe ya nini? Walikaa wakala mihogo ya wenyewe, na moshi wa mapishi yao ukawa unaingia bomani bila kubisha hodi.

Ndani, chumvi iliisha kwanza. Wakaisha mbuzi, wakaisha kuku, ikachemshwa hata ngozi ya ngoma, na ngoma yenyewe ikabaki mdomo wazi kama watu wengine.

Yote hayo Amisa angeyavumilia. Njaa walijuana tangu zamani. Lakini binti yake, Feza, alikuwa na mtoto mchanga, Lukumani, na maziwa yalikuwa yanakauka. Mtoto alivuta ziwa, akaliachia, akamkazia mama yake macho kama mnunuzi aliyepunjwa, kisha akalia. Kilio chenyewe kilikuwa kinapungua sauti kila kukicha, na hilo ndilo lililomtisha Amisa.

Akamfuata Faradji ghalani, lilikowekwa sanduku la mzungu mmoja aliyepita kabla ya vita.

"Mzee, fungua ile sanduku ya muzungu."

"Ile ni amana, mama Amisa. Mutu aliniachia mukononi, akasema atarudi."

"Atarudi apite wapi? Juu ya ukuta, kama paka?"

Faradji akakohoa. Lakini kutazama si kula, akafungua. Ndani mlikuwa na mikebe ya bati, imezibwa pande zote, na kila mkebe umebandikwa picha ya mmea unaotambaa, majani yake na maganda yake ya kijani. Wote wawili wakaelewa palepale, na wote wawili wakakosea.

Kwao Amisa, chakula kinaliwa, hakizibwi. Kinachozibwa ni mbegu: unaitia kibuyuni, unaufunga mdomo kwa nta ya nyuki, fukusi wasipate mlango. Chombo kilichozibwa hivi, na picha ya mmea juu yake, kingekuwa nini kingine?

"Mbegu!" Faradji akasema, na uso wake ukapata nuru ya mtu aliyetuliwa mzigo. "Basi iko njia. Tunapanda mukebe moja, tunavuna, tunakula, na ya mwenyewe tunamurudishia imejaa. Amana haikuguswa."

Wakautoboa mkebe kwa kisu na jiwe. Punje za kijani zilikuwa zimelala ndani ya maji. Njegere, kama tunavyoziita siku hizi, ila wao waliziona ni kunde za kigeni.

"Wamezilowesha tayari," Amisa akasema. "Watu hawa wanajua kilimo."

Yale maji akayamwaga ukutani. Akachimba nyuma ya jiko, akapanda punje zote. Hata moja haikuingia mdomoni. Mama yake alimfundisha kwamba anayekula mbegu kabla ya kupanda anakula watoto wa mwakani. Faradji akalisomea shamba dua.

Basi wakangoja. Mtu aliyefungiwa akipata kitu cha kungojea hukitazama mpaka macho yaume. Kila baada ya sala ya alfajiri Faradji alikuja kuchutama penye tuta, magoti yakilia. Udongo haukupasuka. Waliokuja ni sisimizi, safu ndefu, wakishuka na kupanda kama wapagazi.

Amisa akawatilia shaka. Sisimizi wa mbegu hakupata kuwaona hivyo; hivi huwaona pembeni ya chungu cha chakula. Akafukua. Punje zilikuwa zimepasuka ngozi, ndani rojorojo, na harufu ikampanda puani, uchachu wa maharagi yaliyolala chunguni. Akagusa kwa ncha ya ulimi.

Chumvi.

Akaketi chini. Akayakumbuka yale maji aliyoyamwaga ukutani, akajipiga paja kwa nguvu. Kisha akainuka.

"Mzee, hatukupanda. Tumezika chakula. Zile kunde zilipikwa."

"Zikapikwa, halafu zikafungiwa ndani ya chuma?" Faradji akatoa macho. "Zilikosa nini?"

"Mimi nilipofungiwa humu nilikosa nini?"

Faradji akatazama funguo zake.

"Na kama zilipikwa, zimekufa," akasema baadaye, kwa upole. "Kitu kingekuwa na nguvu, kingeota. Utamupa mama wa mutoto maji ya kijani?"

"Muhogo uliokula ukapata ndevu hizo, uliwahi kukuotea tumboni? Nilipomuzaa Feza nilipewa kunde za kuchemsha. Maziwa yalishuka mpaka nikanyonyesha na wa jirani. Kunde ni kunde. Kufungiwa hakukuziondolea nguvu."

"Labda wametia mafuta ya nguruwe."

"Fungua unuse."

"Ni amana, mama!"

"Ya kwanza tulizika pamoja, na dua yako juu!"

Ng'ambo ya ua Lukumani alilia kidogo, akanyamaza kabla ya kumaliza. Wote wawili wakasikia alivyoshindwa kumaliza. Faradji akashika kisu mwenyewe.

Alipotoboa alinusa kwanza, kwa kirefu, kama kadhi. Hamkuwa na hata doa la mafuta. Akainua mkebe, akanywa funda moja. Akafumba macho. Chumvi ilikuwa imewatoka ulimini muda mrefu, wakaisahau kama mtu anavyosahau sura ya ndugu. Sasa ndugu amerudi. Mzee akakilamba kifuniko mpaka bati likamkata mdomo, naye hakujali.

"Maji ya wagonjwa," akasema, akijifuta damu. "Punje za Feza."

Amisa alikula punje chache mwenyewe kwanza, akangoja tumbo lake litoe hukumu. Tumbo likanyamaza, likaomba nyingine. Ndipo akazipasha moto, akaziponda, akamlisha Feza kwa mkono wake, jioni na asubuhi, mkebe baada ya mkebe.

"Mama, tamu," Feza akasema. "Kama kunde zilizooa muwa."

"Meza. Utasifu baadaye."

Sanduku lilikuwa linaelekea chini siku Faradji alipokuja kukaa mlangoni mwao, fimbo mapajani.

"Mwenyewe akirudi, nitamujibu nini?"

"Mwambie tulipanda."

"Akiuliza imeota wapi?"

Amisa alikuwa na jibu, na lilikuwa la kuchekesha, lakini akamwinulia mkono anyamaze. Ndani ya kibanda kilio kilikuwa kimekatika. Badala yake ilikuja sauti ndogo, ya haraka, ya koo linalomeza na kumeza tena, na Feza akacheka peke yake gizani, kama anayetekenywa.

Ng'ambo ya ukuta bunduki ililia mara moja, na moshi wa mihogo ya kuchoma ukapita juu ya lango. Gogo lilikuwa palepale. Mzee na mpishi hawakugeuka; walikuwa wanasikiliza mtoto anavyokunywa.