Asali Iliyokohoa Dukani

Kila asubuhi Mama Pumzi alifunga kitambaa kichwani, akanawa mikono hadi viwikoni, akasimama mwisho wa mashine ya kupaka plastiki dawa ya kushikisha wino. Alichukua kipande cha plastiki, akakiinua mbele ya taa na kukipulizia pumzi. Plastiki iliingia ukungu. Ukungu ukiondoka wote kwa pamoja, dawa imekaa vizuri na wino utashika. Ukibaki mabakamabaka, roli zima la plastiki linarudi. Hakuna aliyemfundisha. Alianza siku moja, ikaonekana inafaa, ikawa desturi ya chumba, na wenzake wakawa wanapokezana naye.

Plastiki hiyo ilikuwa nyembamba, nyeupe kama maziwa, upande mmoja gundi, upande mwingine dawa. Wachapaji waliinunua ili kutengeneza lebo za kubandika, za asali, za mafuta ya kupikia, za sabuni ya maji. Dawa ikiwa mbichi haitaki vumbi. Chembe moja ikiiangukia huacha tundu kama jicho la samaki, na wino haukai hapo. Kwa hiyo dirisha la chumba lilikuwa limepigwa misumari. Harufu ya dawa ilikwangua koo, na wanawake wote wa chumba kile walikohoa. Bosi alikuwa amewaahidi feni ya kutoa hewa chafu, yenye chujio la kuzuia vumbi. Kila alipoulizwa alijibu kuwa iko njiani.

"Inakuja kwa miguu," alisema wifi yake Mama Pumzi, ambaye kazi yake ilikuwa kuzungusha roli. "Tena imevaa viatu vinavyobana."

Mwaka huo binti yake Mama Pumzi alijifungua mtoto wa kiume. Binti aliishi orofa ya nne, na Mama Pumzi, kwa kifua chake kile, hakuweza kuvuka orofa ya pili. Akifika hapo alishika ukuta na kukohoa mpaka machozi yakamtoka. Fundi cherehani aliyekaa orofa hiyo alimsikia. Bila kuombwa na mtu alitoa kiti chake cha wageni, akakiweka kwenye ngazi, na juu yake akaweka mto alioushona kwa vipande vya nguo za wateja. Mama Pumzi akawa anaketi pale, na binti anamteremshia mtoto amefungwa shuka. Alimpakata, akamnusa utosi, akamrudisha. Alikuwa akitamani jambo moja tu, kupanda hadi juu amwone mjukuu wake amelala kitandani mwake mwenyewe.

Siku moja ya katikati ya wiki hakukohoa. Alidhani amesahau. Kesho yake hakukohoa tena, wala wifi yake hakukohoa, na chumba kikawa kimya hata wakasikia saa ya ukutani, ambayo walikuwa wanaamini imekufa.

Jioni alipitia dukani kununua sukari. Wakati mwenye duka anapima, chupa moja ya asali kwenye rafu ikakohoa.

"Pole," mwenye duka aliiambia, akaendelea kupima.

Mama Pumzi alisikiliza. Chupa ilikohoa mara ya pili, kikohozi kirefu chenye kukwama katikati.

"Hicho ni changu," akasema.

"Asali?"

"Kikohozi."

"Basi pole na wewe, mama."

"Nimeshapoa."

Na kweli alikuwa amepoa. Kikohozi kilikuwa kimetoka na pumzi, kikaingia kwenye dawa, kikakaukia humo, na mchapaji akachapa maua na nyuki juu yake. Mji mzima ulikuwa unakohoa taratibu kwenye rafu na makabati. Watu walisema pole, wakapika, wakala. Mama mmoja alifunika chupa yake ya mafuta kwa leso nyakati za baridi. Wifi alitambulika upesi, maana kikohozi chake huishia na mluzi.

"Hata kwenye mafuta ya watu, wifi yangu, unapiga kelele," Mama Pumzi alimwambia.

"Angalau mimi niko jikoni. Wewe nimekukuta kwenye sabuni ya kusugulia choo."

Jumapili hiyo Mama Pumzi alipanda ngazi. Alifika orofa ya pili akaketi kidogo kwa heshima ya kiti, akamshukuru fundi cherehani, akapanda hadi ya nne. Mtoto alikuwa macho, akicheka na dari. Bibi akasema si kitu, atamwona amelala siku nyingine.

Jumatatu bosi aliingia chumbani na simu mkononi.

"Mama zangu, mchapaji analalamika. Kuanzia leo hakuna kupulizia plastiki."

"Na feni, mwanangu?" Mama Pumzi aliuliza.

"Feni naiagiza leo leo. Lebo haziwezi kukaa zinakohoa namna hii."

Akapiga simu papo hapo, mbele yao, na wote walisikia akitaja anwani. Wifi alisema pembeni kwamba laiti wangejua, wangezaliwa lebo.

Pumzi ikabaki vifuani, na kikohozi kikarudi kwa wenyewe. Jumapili iliyofuata Mama Pumzi alishika ukuta wa orofa ya pili. Kiti kilikuwepo, na mto wake.

"Sikukiondoa," alisema fundi cherehani. "Kiti hakili ugali wa mtu. Kaa."

Binti akamteremsha mtoto.

Wakati huohuo mtu mmoja mjini alikuwa anachemsha sukari, anaitia rangi na kuiuza kama asali. Lebo zake zilikuwa na maua yaleyale na nyuki walewale, ila hazikukohoa. Wanunuzi waliweka chupa sikioni.

"Hii mbona kimya?"

"Labda imelala."

"Asali hailali. Nipe ile ya mgonjwa."

Ya mgonjwa ikaisha madukani. Wenye maduka wakamtafuta mchapaji, mchapaji akampigia bosi, na safari hii hakulalamika. Alitaka maroli mara mbili ya kawaida, lakini yawe yale ya zamani.

Feni ilifika siku hiyohiyo, katika boksi zuri. Bosi aliiweka mlangoni mwa chumba, akaitazama, akawatazama wanawake.

"Mama zangu, pulizieni tu kama zamani."

"Na feni?" Mama Pumzi aliuliza.

Bosi hakuwa mtu mbaya. Asubuhi ile alikuwa amewanunulia maziwa, kila mmoja na glasi yake. Akajikuna shingo.

"Hewa ikiwa safi, mama, mtakuwa na cha kukohoa?"

"Hatutakuwa nacho."

"Ndiyo hiyo sasa."

Feni ikapandishwa ofisini kwake, ambako inapeperusha kalenda. Wifi alitaka kusema neno, akamtazama Mama Pumzi. Mama Pumzi alikuwa anafikiria ngazi. Alinawa mikono hadi viwikoni, akainua kipande mbele ya taa, akapuliza. Ukungu ukaondoka wote kwa pamoja.

Jumapili aliketi orofa ya pili, ingawa hakuchoka, akanywa chai na fundi cherehani. Ndani kwa fundi chupa ya mafuta ikakohoa na kupiga mluzi. "Pole, wifi," wakasema wote wawili. Kisha akapanda. Orofa ya nne pazia lilikuwa limeshushwa. Mtoto alikuwa amelala chali kitandani mwake, mikono juu, kama mtu aliyejisalimisha. Bibi alisimama hapo mpaka binti akamletea mahali pa kukaa.

Kabatini chupa ya asali ilikohoa, ikakwama katikati, ikamaliza.

"Ni wewe huyo," binti alinong'ona. "Bila wewe halali."

Mtoto huyo hakuanza kwa kusema mama wala baba. Neno lake la kwanza, alipokuwa anajifunza kusimama kwa kushika kabati, lilikuwa pole. Bibi yake alikuwepo, akalisikia, akacheka mpaka akajishika mbavu, na hakukohoa.

Jumatatu iliyofuata Mama Pumzi aliwahi kazini kama kawaida. Bosi alikuwa amepakisha chumba rangi mpya, ya samawati, ya kupendeza sana. Mpakaji alikuwa mwangalifu. Hata vichwa vya misumari ya dirisha alivipaka, kimoja kimoja.