Upupu Kwenye Gauni la Kiburi

Dorkas alipowagawia wasichana saba wa Kilimatinde dhambi saba za filamu yake ya kutisha, Eliana alipewa Kiburi na Johari akapewa Wivu. Kiburi cha nini, Johari alijiuliza, wakati kwao Eliana hata kioo cha maana hakuna? Tena gauni jeupe la Kiburi lilishonwa na mama yake Johari mwenyewe. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Siku ya kurekodi, Johari alivaa mfuko wa nailoni mkononi akalipaka gauni upupu kwa ndani, asijue mfuko umetoboka. Eliana alilivaa, akapiga hatua mbili, akaanguka akijikuna na kupiga mayowe, akagaagaa vumbini. Dorkas alidhani anaigiza, akaendelea kurekodi kwa simu.

Alasiri hiyohiyo wazazi walioneshwa kipande hicho, wakasimama kushangilia. Eliana, shingo imemvimba, aliwainamia kwa madaha, na kuhusu kuwashwa hakusema neno.

"Mtoto wa watu ana kipaji," alisema mama yake Johari akifuta machozi. "Na wewe mbona humpigii makofi?"

Johari alikuwa ameficha mikono ndani ya khanga, akijikuna.