Njia za Mama Mkwe

Mayunga alirudi kutoka barabara ya Somanda akihema.

"Hayuko. Hakuna aliyemwona."

Mama yake, Milembe, alikuwa ametoka asubuhi na mtungi kwenda kisimani, nyuma tu ya shamba la pamba. Lakini tangu mavuno ya mwaka hamsini na tano akili yake ilikuwa ikienda na kurudi. Sasa jua lilikuwa limepinduka, majirani wametawanyika vichakani wakimtafuta, na upande wa mashariki, mto unakotoka, mbingu ilikuwa nyeusi tititi.

Klementina, mke wa Mayunga, alikuwa amesimama jikoni akiutazama ukuta. Alikuwa na mazoea ya kuchora kwa mkaa akisubiri maji ya ugali yachemke. Alichora safari za kila siku, na pembeni yake mambo ya porini, kwa sababu alifurahi kuona vinavyofanana: wanawake wa kisimani na msururu wa siafu, njia za watu waendao gulioni na vijito vinavyoungana kuingia mtoni. Mumewe aliona ni kuchafua ukuta tu.

Siku hizo alikuwa amechora njia za mama mkwe wake: ya kisimani, ya kuni, ya kwenda kwa jirani kuomba moto. Chini yake alichora njia za ng'ombe mwekundu, aliyetoka ng'ambo ya mto na bado hajazoea zizi. Mkono wake ulikuwa umechora jambo ambalo yeye mwenyewe hakuwa ameliwaza. Ng'ombe, kila alipofunguliwa, alipinda kusini mpaka fimbo imrudishe. Na mama vilevile. Kila njia yake ilipinda kusini, ikasimama, kisha ikarudi.

"Mayunga, ng'ombe yule akitoroka huenda wapi?"

"Unaniuliza habari za ng'ombe sasa?"

"Huenda wapi?"

"Si kwao!"

Alipolisema neno hilo akageuka kutazama kusini. Kwao mama yake pia kulikuwa ng'ambo hiyohiyo ya mto, kwenye mahame waliyoyaacha baba yake alipofariki.

"Lete kamba, uwaite na wengine," Klementina alisema, tayari akikimbia.

Mto ulikuwa mchanga mtupu. Milembe alikuwa amepiga magoti mchangani, karibu na ukingo wa pili, akifukua kwa kipande cha kibuyu. Upepo ulileta harufu ya udongo uliolowa.

"Mayo! Mama! Toka! Maji yanakuja!"

"Ndiyo ninayoyangoja," mama alijibu bila kuinua kichwa. "Baba Mayunga atarudi kutoka malishoni na kiu."

Klementina alimshika mkono. Mama akauchomoa kwa nguvu, akamtazama kama mgeni aliyekuja kumnyang'anya zamu. Kutoka kwenye kona ya mto ulisikika mngurumo, kama kundi la ng'ombe wanaoshuka mlima. Klementina alitaka kupiga kelele. Badala yake akachuchumaa, akachovya kidole shimoni.

"Kisima hiki kina tope, mayo. Baba Mayunga hatayanywa maji haya. Nionyeshe kile cha juu, karibu na minyaa ya boma lenu."

Milembe alifikiri. Mngurumo ulikuwa umekaribia.

"Wewe hukijui?"

"Sikijui. Tangulia, nikufuate."

Mama akasimama polepole, akajifuta magoti, akaanza kupanda ukingo. Klementina alimsukuma mgongoni kwa mikono yote miwili. Walikuwa wameshika mizizi ya juu wakati maji mekundu yalipopita chini yao na magogo, yakauchukua mtungi na shimo na mchanga wote.

Milembe alitazama chini.

"Mtungi wangu," alisema, akaanza kulia. Kisha akamgeukia mkwewe, akamgusa shavu. "Klementina, mbona umechafuka hivi?"

Ng'ambo Mayunga alitokea na kamba, wanaume wakimfuata. Aliita, lakini mto ulimeza maneno yake. Klementina akaushika mkono wa mama mkwe, akauinua juu ili mumewe auone.

Mayunga aliketi chini palepale, kamba magotini. Ilibidi wangoje maji yapungue. Nyuma ya Klementina, Milembe alikuwa ameshaingia kwenye mahame, akitafuta mahali pa kuwasha moto.