Malalamiko Dhidi ya Cucu

Mutugi alipigwa na ajuza siku ya Jumamosi, mbele ya watu, na wiki nzima hakulala vizuri. Ajuza mwenyewe ni wa kwenye gemu: bibi mwenye kibiongo na bakora, mzito kugeuka, ngumi zake haziwezi kumuumiza hata kifaranga. Waliotengeneza gemu wamempa jina refu huko kwao, lakini kwenye ukumbi wa gemu wa Ngari, hapa Majimbo, anaitwa Cucu, yaani bibi kwa lugha ya huku. Kwa miaka miwili hakuna aliyemgusa isipokuwa Winrose, yule dada anayeuza dawa za mifugo mjini. Wengine karibu wote hucheza na Radi, kijana mwepesi mwenye mateke matatu kwa pumzi moja. Mutugi ndiye bingwa wa Radi. Au tuseme ndiye aliyekuwa.

Maana ile Jumamosi aliyoshindwa na Winrose ilikuwa fainali ya kuamua nani ataenda mashindano ya Meru, na ukumbi una nafasi moja tu. Mutugi alikuwa amemwambia mama yake kwamba anaenda. Alikuwa amewaambia wateja wanaomletea simu zenye vioo vilivyopasuka, na hata wenzake wa kwaya. Sasa, jamani, mtu anarudi vipi kwa watu hao aseme amepigwa na bibi kizee?

Akamwendea Ngari. "Huyo Cucu afungiwe. Mwezi uliopita wameleta mabadiliko, wakamrefushia bakora. Hakaribiki tena! Hiyo si gemu, ni uonevu."

"Wameirefusha kiasi gani?"

"Kidogo. Lakini hicho kidogo ndicho kinatumaliza."

Ngari hakubisha. Ana desturi aliyoitoa kwa baba yake huko Kanja: ukisema ng'ombe wa mtu anapiga mateke, unapewa ndoo umkamue mwenyewe, watu wakitazama. Kwa hivyo ukumbini kwake, anayemlalamikia mhusika wa gemu lazima amchukue huyo huyo acheze naye michezo kumi. Akishinda sita, basi mhusika kweli amezidi nguvu: anafungiwa, na ushindi wake wa mwisho unafutwa. Asipofikisha sita, anyamaze.

"Utacheza na Vincent," Ngari alisema. "Yeye atamchukua Radi."

Vincent ni rafiki wa Mutugi, na yeye pia Winrose alishampiga mara tatu. Hapo Ngari hakufikiria vizuri, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Jumamosi saa nane mchana ukumbi ulijaa. Winrose aliketi benchi la nyuma na soda yake. Mchezo wa kwanza, Mutugi akarusha bakora, na Vincent, mtu ambaye hujikinga hata asiporushiwa kitu, akasahau kujikinga. Si niliwaambia ni hiyo bakora? Mutugi akajisemea. Wa pili akashinda pia. Wa tatu akapoteza, kwa sababu Cucu ni mzito jamani, unabonyeza leo anageuka kesho. Ulipoisha wa saba alikuwa ameshinda mitano, na moyo wake ulishafika Meru, umeshuka stendi, unatafuta chai.

Mchezo wa nane, wote wawili wakabakiwa na uhai wa pigo moja. Mutugi akarusha bakora vibaya, Cucu akabaki wazi ubavu mzima. Hata mtoto angemmaliza. Vincent akamrudisha Radi nyuma hatua mbili, akamsimamisha pale bila kinga. Kisha akamkonyeza mwenzake.

Mutugi akahisi joto la aibu likimpanda shingoni. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe. Aliitaka Meru, Mungu anajua alivyoitaka. Abonyeze mara moja tu, na miaka miwili ya Winrose imetupwa.

Akaiweka pedi ya gemu chini. "Ngari, futa yote. Vincent ananiachia."

"Wewe naye!" Vincent aliruka. "Mtu anakusaidia!"

"Najua. Futa."

Watu wakacheka, mmoja akapiga mluzi. Ngari akamuuliza kama anataka kuanza upya na mpinzani mwingine.

"Hapana. Huyu bibi hana nguvu yoyote, nimemshika mwenyewe nikaona. Mwenye nguvu ni Winrose." Ilimuuma kusema hivyo, na akasema. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Ngari akaandika jina la Winrose kwenye karatasi ya Meru.

Ukumbi ulipopungua watu, Mutugi alikwenda benchi la nyuma kumpa mkono.

"Mimi niliona anakuachia tangu mchezo wa pili," Winrose alisema. "Nikawa nangoja nione utajua lini."

Mutugi angeweza kukaa kimya, na hakuna ambaye angejua.

"Nilijua tangu wa kwanza," Mutugi alisema.

 Winrose akasogea, akampisha nafasi kwenye benchi.

"Meru wote watakuja na Radi," alisema, "na hapa hakuna anayemjua Radi kukushinda wewe. Kesho tukitoka kanisani, uje tufanye mazoezi. Na usiniachie."