Pini kwenye Ubao wa Abigaël

Maneno haya niliyasikia kwa Maman Mauwa, anayesuka nywele pale barabara ya Chaussée de Wavre, na tangu siku ile hayakunitoka. Alikuwa amenibana kichwa kati ya magoti yake, siwezi kugeuka, akaniuliza:

«Maman Abigaël, ule mutoto yako angali anachora?»

«Angali. Ijumaa anapita mbele ya jury, kule académie.»

«Umuchunge. Weye haukusikia ya mutoto wa Liège? Muntu mumoja alimuchora, sura tu, kila siku kidogo, kila siku kidogo. Siku picha iliisha, na mutoto aliisha.»

«Aliisha namna gani?»

«Alikufa, ah! Unataka nikuandikie?»

Wanawake walicheka. Mimi pia nilicheka. Lakini pale kituoni Porte de Namur métro mbili zilinipita nimesimama tu.

Abigaël ni binti yangu wa pekee, na sura yake ni yangu. Mwaka huu wa 1995 ametimiza miaka kumi na minane, na alitaka kitu kimoja: kuingia académie ajifunze uchoraji. Jury, wale wanaochagua wanafunzi, walidai picha moja iliyotengenezwa kwa namna ya wachoraji wa Renaissance, watu wa miaka mia tano iliyopita. Hao hawakuchora kwenye karatasi. Unachukua ubao, unaupaka chokaa, unasugua mpaka unakuwa laini kama yai. Kisha rangi ya mafuta, nyembamba, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka lingojewe likauke. Kazi hiyo aliifanya chumbani kwake majuma saba. Alikonda. Alikohoa.

Mwanzoni aliniomba nikae karibu na dirisha anitazame. Nilimjibu, «Mie naamuka saa kumi kwenda kufagia mabiro, zile ofisi za Gare du Nord. Wapi saa ya kukaa kama sanamu?» Hakuniomba tena. Ubao aliugeuza uso ukutani, akaniambia tu: «Maman, usiguse.»

Jumatatu ile, kutoka kwa Mauwa, nilifika nyumbani saa nane mchana. Abigaël hakuwepo. Nikaingia chumbani, nikaugeuza ubao.

Mtoto wangu alikuwa pale, amekufa.

Uso ulikuwa wake, paji lake, midomo yake, lakini rangi ilikuwa kijani na kijivu, kama maiti wa siku ya pili. Sikio moja tu lilionekana, maana kichwa kiligeuzwa upande. Kwetu Butembo mtu akienda kupigwa picha anatazama mbele, masikio yote mawili, mikono magotini. Picha ya mtu anayetazama pembeni tuliiona matangani, pale marehemu hakuacha picha yake mwenyewe, na wakamkata kutoka kwenye picha ya arusi ya wengine.

Na karibu na jicho, pini. Pini ya kweli, imepigwa ndani ya ubao, nyuzi zimefungwa juu yake na kuvutwa mpaka chini, penye sakafu ya vigae iliyochorwa.

Siku picha iliisha, na mutoto aliisha.

Sikukaa chini nifikiri. Nilitaja jina la Yesu, nikang'oa pini, nikakata nyuzi kwa mkasi wa jikoni. Dirishani kulikuwa na chupa ya térébenthine anayosafishia brashi. Nikalowesha kitambaa, nikafuta. Rangi ya uso ilikuwa imekauka juu tu, ilitoka. Nikasugua mpaka chokaa ikaonekana.

Ndipo nikasikia ufunguo mlangoni. Abigaël aliingia na mkate mkononi.

«Maman. Unafanya nini?»

«Nakuokoa. Nani alipiga pini karibu na jicho yako? Ni ule mwalimu anakufundisha kuchora?»

«Ni mie nilipiga!» Mkate ulianguka. «Pini ni ya mistari! Mistari ya vigae yote inakimbilia pointi moja kule mbali, bila pini na uzi inapinda. Wale vieux wa zamani walifanya vile vile.»

«Na ile rangi ya maiti?»

«Ni ya chini! Unatanguliza kijani na kijivu, halafu unapandisha rangi ya ngozi juu yake, nyembamba sana, mpaka ngozi inaonekana iko na damu ndani. Ningeanza leo. Leo, maman!»

«Na kikohozi?»

«Ni vumbi ya chokaa.»

«Bon. Lakini sababu gani ujichore mwenyewe?»

Alinitazama. Alichukua mkono wangu wa kushoto, akauweka juu ya ubao, kando ya mikono iliyochorwa, ambayo sikuifikia na kitambaa. Hiyo ilikuwa imekwisha: kahawia, ya joto, mmoja juu ya mwingine, mwangaza ukitoka upande wa kushoto. Kidole kidogo kilikuwa kimepinda, kama changu kilivyopinda tangu mlango wa lori uliponibana tulipotoka Butembo.

«Si mie,» akasema. «Umejifuta.»

Zilibaki siku nne. Sikwenda kazini. Nilikaa karibu na dirisha, kichwa upande, tangu asubuhi hadi mwanga unapokwisha.

«Maman, usiombe. Midomo inacheza.»

Niliomba bila midomo. Jumatano uso ulirudi, kijani vilevile. Alhamisi aliugusa kwa ncha ya kidole: mbichi. Huwezi kupandisha rangi ya ngozi juu ya rangi mbichi, zinachafuana.

Ijumaa niliketi kwenye ngazi za académie, mlango ukiwa wazi kidogo. Nilisikia mwanamume mmoja wa jury akiuliza, «Mikono hii ni hai. Sababu gani uso haujaisha?»

Nilisimama niingie niseme ni mimi niliyeufuta. Abigaël alijibu upesi: «Sikupata muda.»

Hakunitaja. Wala nyumbani hakunilaumu. Barua ilisema arudi kujaribu mwaka ujao. Sasa saa kumi tunaamka wawili kwenda Gare du Nord, na ubao bado umegeuzwa ukutani. Brashi hajazigusa, na mimi sijui kama mwaka ujao atarudi.

Donc, mamans mlio na watoto wanaochora, haya myaepuke:

Usibebe maneno ya kwa msusi mpaka nyumbani kabla ya kumuuliza mtoto.

Usigeuze ubao aliougeuza ukutani.

Usihukumu uso ukiwa bado kijani.

Using'oe pini wala usikate uzi usiojua kazi yake.

Usiguse térébenthine.

Akikuomba ukae karibu na dirisha, usimwambie huna saa.