Mke wa Pili Darasani

Jioni moja Loishiye aliingia nyumbani kwa mke wake wa pili, akaketi kigodani, akakataa maziwa. Nashilu akajua pana jambo. Mwanamume wa Kiarusha hakatai maziwa bure.

"Mama Nosim," alisema, "nataka kubatizwa."

"Ni vizuri, Baba Nosim."

"Mwalimu Elieza anasema Mkristo ana mke mmoja. Namnyaki alikuja kwanza. Maharage yakishavunwa, utarudi kwa baba yako kule Terrat. Nosim atabaki. Mtoto ni wa boma."

Nashilu alimtazama binti yake aliyelala juu ya ngozi, kidole mdomoni. Nyumba hujengwa tena, na shamba hulimwa tena. Nosim alikuwa mmoja.

Hakulia. Aliuliza, "Huyo Mungu wa darasani, alinitaja kwa jina?"

"Unauliza nini wewe?"

"Nauliza tu. Anayenitoa nyumbani kwangu ningependa kumjua."

Loishiye aliinama mlangoni akatoka. Swali likabaki na Nashilu mwenyewe, likamkosesha usingizi.

Siku zile za Mwingereza, kanisa la Kilutheri la upande ule wa magharibi wa Mlima Meru lilikuwa na darasa la jioni. Ng'ombe wakisharudi zizini, wazee na vijana waliketi juu ya magogo, wakivuta silabi kama watu wanaovuta ndama mkaidi. Mwalimu Elieza alikuwa Mmeru kutoka Nkoaranga, mtu mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Kesho yake alimwona mwanamke amesimama mlangoni, mtoto mgongoni.

"Karibu, mama. Unatafuta nini?"

"Namtafuta aliyenifukuza."

Darasa zima likaangua kicheko. Loishiye, aliyekuwa ameketi mbele kabisa, aliinua macho akaanza kuchunguza nyasi za paa kana kwamba yeye ndiye aliyeliezeka.

"Hapa hatumfukuzi mtu," alisema Elieza.

"Basi nitakaa nione."

Akakaa. Alirudi kesho, akarudi na keshokutwa. Alitaka kujua kila kitu: kwa nini watu wafumbe macho wakiomba, ilhali mwenye shida ndiye anayepaswa kuyafumbua? Kwa nini Mungu aitwe Baba, na wazee wa ukoo hawakuulizwa? Elieza alijibu aliyoyaweza. Asiyoyaweza alisema, "Hilo sijui, mama," na Nashilu akaanza kumwamini kwa sababu ya hayo.

Sala yake ya kwanza aliisali akikata majani ya mgomba. "Mungu wa darasani, mimi ni Nashilu wa boma la Loishiye. Sijui kama umenifukuza wewe au wamenifukuza wao. Niambie." Alingoja, kisu mkononi. Hakusikia neno. Lakini moyo ulitulia, na kesho yake alisali tena, kama mtu anayerudi kwenye nyumba aliyokaribishwa vizuri ingawa hakumkuta mwenyeji. Siku zikapita, akagundua kwamba anasali hata asipokuwa na la kuomba.

Maharage yalikuwa yameanza kukauka shambani alipoinua mkono darasani.

"Mwalimu, sheria yenu ni mke mmoja kwa mume mmoja?"

"Ndiyo."

"Mimi nina waume wangapi?"

Vijana walicheka. Mzee mmoja akasema, "Mhesabie, Mwalimu, labda mmoja amempotea!"

"Mmoja," alisema Elieza.

"Basi nikitaka kubatizwa, mimi niache nini?"

Kicheko kilikatika. Elieza alikuwa amewafundisha wanaume wengi jambo lile, wala haikumjia kwamba mke wa pili naye angeweza kuketi juu ya gogo akauliza.

"Hilo sijui, mama," alisema. "Nitamuuliza mchungaji."

Jibu lilichukua muda kuja, lakini lilikuja limenyooka. Mwanamke yule ana mume mmoja. Hana cha kuacha. Akijua mafundisho, abatizwe. Nashilu aliyajua kuliko wote, maana hakuliacha neno lipite kabla hajaligeuza pande zote. Akabatizwa, akaitwa Eunike. Loishiye alibaki kwenye gogo. Kwake sharti lilikuwa lilelile: kwanza mke wa pili aondoke.

Hasira ikampanda. Alimtoa ng'ombe aliyekuwa akikamuliwa na Nashilu, akamhamishia upande wa Namnyaki, akaacha kuingia nyumbani kwake.

"Usimjali," Namnyaki alimwambia mke mwenzake huku akimpitishia kibuyu cha maziwa juu ya ua. "Huyu anataka kupanda mbinguni mikono mitupu, na mizigo yote atuachie sisi. Na wewe ukienda, ndama atanishikia nani? Mbuzi?"

"Lakini wewe amekuchagua."

"Mwaka huu," alisema Namnyaki. "Nani ajuaye mwakani watamfundisha nini?"

Shauri likafika kwenye baraza la wazee, lile lililoruhusiwa na Bwana Shauri, Mwingereza mkuu wa wilaya, kuamua mambo ya ndoa za wenyeji. Mkuu wa baraza alikuwa Simel, mzee asiyekanyaga kanisani hata mvua ikimkuta mlangoni pake.

"Nani analalamika?" aliuliza.

"Mimi," alisema Loishiye. "Mke amekataa kuondoka."

"Mimi," alisema Nashilu. "Mume ameniacha."

Simel akakuna kidevu. "Mwenzako anasema umekataa kuondoka, wewe unasema umeachwa. Yupi kati yenu hayupo?"

Watu wakacheka. Nashilu hakucheka. Alimkumbatia Nosim kwa nguvu hata mtoto akalalamika. Baraza likisema aende, angeteremka Terrat peke yake.

"Amekukosea nini, Loishiye?" aliuliza Simel. "Amekimbia? Amekunyima chakula? Ana mwanamume mwingine?"

"Hapana. Ni imani tu."

"Mwalimu, imani yenu inaruhusu mume Mkristo amwache mke Mkristo asiye na kosa?"

Elieza, aliyekuwa amekuja kusikiliza, alisimama. "Hairuhusu, mzee. Ila inataka pia mume awe na mke mmoja."

"Na huyu mmeshambatiza."

"Tumembatiza."

"Basi mmefunga fundo wenyewe, mlifungue wenyewe. Mimi nina la kwetu." Simel alimgeukia Loishiye. "Mke asiye na kosa hafukuzwi. Anayetaka utengano ndiye anayeondoka. Ukitaka kuacha, acha: toka wewe. Nyumba, shamba la migomba, ng'ombe na mtoto vibaki na mama. Ukibaki, mrudishie ng'ombe wake leo, uingie kwake kama zamani. Unaondoka?"

Loishiye aliwatazama wazee mmoja mmoja. Kisha alimtazama Nosim, ambaye alimnyooshea mkono kwa mazoea tu, kama afanyavyo mtoto anapomwona baba yake.

"Sina pa kwenda," alisema kwa sauti ndogo. "Kwangu ni hapo."

Ng'ombe alirudi kabla ya jua kuzama.

Nashilu alimshukuru Mungu kwa machozi, lakini furaha yake haikuwa nyepesi. Yeye alibaki na mtoto wake. Loishiye alibaki juu ya gogo. Jumapili ya Chakula cha Bwana, wasiobatizwa walitakiwa kutoka nje, na mlango ukafungwa nyuma yao. Nashilu alimwona mumewe akitoka pamoja na watoto wadogo, mabega yameinama. Alitamani kuuliza kwa nini iwe hivyo. Alijua Elieza angemjibu nini.

Walirudi nyumbani wakifuatana, mume mbele, yeye nyuma. Walipofika penye mfereji Loishiye akasimama.

"Mama Nosim."

"Naam."

"Sisi tukishatoka," aliuliza, akiyatazama maji, "mle ndani mnafanya nini?"

Nashilu alimteremsha Nosim mgongoni, akaketi kwenye ukingo wa mfereji, akamwachia mumewe nafasi kando yake. Kisha akaanza kumweleza, tangu mwanzo.